Goti la Bi Kadija na Suruali ya Dadi

Zamani, siku nyumbani kwa Mzee Fakihi ilianza na mbuzi. Si mbuzi wa maziwa. Mbuzi ya kukunia nazi. Bi Kadija, mkewe, aliikalia asubuhi na mapema, akakuna. Krr, krr, krr. Majirani pale Kiranjeranje waliisikia sauti hiyo wakajua: kumekucha, na kwa Mzee Fakihi leo kuna mchuzi wa maana.

Sasa mbuzi imetundikwa ukutani, ina utando wa buibui. Bi Kadija anakaa barazani juu ya kitanda cha kamba, miguu ameinyoosha. Magoti yanamuuma. Yalianza msimu mmoja wa korosho, miaka mitatu iliyopita. Korosho huokotwa chini, moja moja, mgongo umeinama, magoti yamekunjwa. Alidhani msimu ukiisha, maumivu nayo yataisha. Msimu uliisha. Maumivu yakabaki, kama mgeni aliyesema anapita tu.

Watu wa nyumba ile walimpenda sana. Shida ilianzia hapo.

Hafsa, binti yake wa mwisho, aliishi pale pale na wanawe. Mama akitaka kuinuka tu, Hafsa alikuwa ameshafika.

"Mama, pumzika. Unataka nini?"

"Maji ya kunywa. Mtungi si ule pale?"

"Pumzika. Nakuletea."

Akishika ufagio, Mzee Fakihi alikohoa.

"Mama Kibwana, pumzika. Ufagio huo una wenyewe."

Jembe lake likafichwa uvunguni. Ndoo yake ikapewa Hafsa. Mbuzi ikapandishwa juu ukutani, asiifikie. Ilibaki kuuficha mlango.

Mwezi wa kwanza Bi Kadija aliona raha. Nani hapendi kuletewa maji? Lakini miezi ikapita, ukapita mwaka. Kwanza magoti yaliuma akitembea. Baadaye yakauma akiwa amekaa. Mwisho yakauma hata akifikiria kuinuka. Kwenda chooni ikawa safari ya kuagwa. Usingizi ukawa haba. Akawa mkali kwa wajukuu. Alimeza vidonge vya maumivu kutoka dukani, vya rangi hii asubuhi na vya rangi ile jioni, mara nyingine bila kula.

Halafu akaanza kusahau.

Aliwaita wajukuu majina yasiyo yao. Aliswali akiwa amekaa kitini, na katikati ya swala akapotewa na hesabu ya rakaa. Siku moja mwezi wa nne, Hafsa alikwenda shamba. Alimwachia mama kazi moja tu: kuangalia chungu cha kunde. Aliporudi, moshi ulimpokea njiani. Mama alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwenye chungu. Anakitazama.

"Mama! Husikii harufu?"

Bi Kadija alishtuka. Akatazama chungu, akamtazama Hafsa. "Nilikuwa nalisikiliza goti," akasema.

Hafsa hakucheka. Aliingia ndani, akampigia simu kaka yake Kibwana, aliyekuwa na duka la vyombo Lindi mjini.

"Kaka, mama anapotea. Mwili ulianza, sasa akili."

Kibwana akajibu. "Basi mbaazi zikivunwa nakuja na gari kumchukua. Atakaa hapa kwangu. Kuna chumba, kuna feni, hatafanya kitu chochote. Atapumzika."

Simu ile ilikuwa ya sauti kubwa, na baraza halina ukuta. Bi Kadija alisikia kila neno. Nyumba ile aliipiga udongo kwa mikono yake. Mikorosho iliyopangwa nyuma ya nyumba, aliipanda yeye, mashimo alichimba mumewe akilalamika.

"Mwambie," alisema kwa sauti, "mimi si gunia la kupakiwa garini."

"Mama, ni kwa ajili yako."

"Gunia nalo huambiwa hivyo hivyo."

Lakini usiku ule alimuuliza mumewe kwa sauti ndogo, "Baba Kibwana, kweli akili yangu inaondoka?"

Mzee Fakihi alimfunika shuka. Akasema, "Pumzika."

*

Wiki ile ile Witness alipita. Witness ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kwao ni upande wa Masasi, aliolewa Kiranjeranje, na nyumba yake ni ya tatu kutoka hapo. Alikuja kuuliza habari za vyandarua. Ana macho mepesi yule mama. Kabla hajakaa alikuwa ameshaona utando wa buibui kwenye mbuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Mimi siwezi kuinuka, mimi ni mzigo wa Lindi sasa."

Witness akauliza. Akaambiwa yote: magoti, vidonge, usingizi, rakaa, kunde. Hafsa akaongeza chumvi, Mzee Fakihi akapunguza. Witness alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Mama, maumivu unayasikia wapi?"

"Gotini! We mhudumu wa wapi hujui?"

"Goti linapeleka habari tu. Habari inasafiri kwenye mishipa ya fahamu, inapanda mgongoni, inafika kwenye ubongo. Ubongo ndio unaipima. Hii ni hatari, au si hatari? Ukisema hatari, hapo ndipo unasikia maumivu."

Bi Kadija akageuka mzima mzima. "Yaani goti langu linauma kichwani? Najisingizia?"

"Hapana, mama. Maumivu yako ni ya kweli kabisa. Hakuna anayekuita mwongo." Witness akamgeukia Mzee Fakihi. "Baba, mwezi wa pili si ulikuwa unalinda mahindi kwenye dungu?"

Mzee Fakihi akatazama pembeni. Hafsa alianza kucheka kabla ya wakati.

Dungu ni kichanja kirefu cha miti kinachojengwa shambani. Mlinzi hukaa juu, ana debe tupu na fimbo. Nguruwe pori wakija, anapiga debe, watu wanatoka. Kila mtu kijijini alijua kilichotokea kwenye dungu la Mzee Fakihi.

"Simulia, baba," alisema Witness.

"Nguruwe walikuja," alisema Mzee Fakihi. "Siku tatu mfululizo. Walikula nusu shamba. Hilo liandikwe kwanza."

"Na siku ya nne?"

"Siku ya nne sikulala. Siku ya tano kadhalika. Nyasi zikitikisika, napiga debe. Kunguru akitua, napiga debe."

"Na siku ya nane?"

"Siku ya nane," alisema Bi Kadija, akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, "alipiga debe alfajiri, kijiji kizima kikatoka na mikuki na mbwa. Wakakuta suruali ya ndugu yangu Dadi imeanikwa kwenye kamba."

"Ilikuwa inatembea!" alisema Mzee Fakihi.

"Upepo, Baba Kibwana. Wakaichoma mkuki. Dadi mpaka leo anavaa kiraka makalioni."

Witness aliwaacha wacheke mpaka wakatosheka.

"Sasa sikilizeni. Baba hakuwa mwongo. Nguruwe walikuwepo kweli. Lakini mlinzi aliyeshtuliwa sana, anayekesha bila kulala, anakuwa mwepesi mno. Kila kitu kwake ni nguruwe. Ubongo nao uko hivyo. Maumivu yakikaa miezi mingi, miaka, njia zile za mishipa zinazoleta habari zinazidi kuwa nyepesi, na ubongo wenyewe unabadilika. Unajifunza kupiga debe. Goti linatikisika kidogo, ubongo unaamsha kijiji. Kwa hiyo mama unaumia zaidi kuliko goti lilivyoharibika."

"Kwa hiyo goti ni zima?" aliuliza Hafsa.

"Sijasema hivyo. Huenda limechakaa, umri nao upo. Nguruwe mmoja yupo, labda mdogo. Ila debe ni la nguruwe ishirini."

Bi Kadija hakucheka tena. "Na kusahau je?"

"Baba, siku zile za debe, ulikumbuka kula?"

"Kula? Hata kuoga nilikumbushwa."

"Umeona, mama? Sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu, nyingine ndizo hizo hizo zinazoshughulika na kukumbuka, na usingizi, na furaha. Zikishinda zinasikiliza debe, nani ataangalia kunde? Wewe mwenyewe ulisema ulikuwa unalisikiliza goti."

Bi Kadija akalishika goti.

"Lakini mimi si daktari," Witness aliendelea. "Kusahau kuna sababu nyingi. Vidonge, kukosa usingizi, presha, sukari, hata ugonjwa wa uzeeni. Twende hospitali wapime. Tusikisie. Na vidonge vyote vya dukani mvifunge kwenye mfuko twende navyo. Kuchanganya vile bila kula kunaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo."

"Na ubongo ukishajifunza kupiga debe," aliuliza Bi Kadija taratibu, "ndio basi tena?"

"Kilichojifunza kinaweza kufundishwa tena. Polepole. Baba sasa hivi akiona suruali anapiga debe?"

"Anaisalimia," alisema Hafsa.

*

Hospitali walimpima magoti, presha, sukari na damu. Walimwuliza maswali ya kukumbuka. Leo siku gani? Taja vitu vitatu, urudie baadaye. Magoti yalikuwa yamechakaa kiasi. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni hawakuuona, ila walisema arudi baada ya miezi wamwangalie tena. Vidonge vya mfukoni viliondolewa karibu vyote. Akapewa dawa ya aina moja, na jinsi ya kuitumia. Kisha kijana mmoja wa mazoezi ya viungo akamwambia jambo lililomshangaza Mzee Fakihi.

"Mama asikae tu. Kukaa kunadhoofisha misuli ya paja, na paja ndilo linalolibeba goti. Pia kila siku anayokaa, ubongo unazidi kuamini kwamba goti ni la hatari. Anyanyuke na kukaa, mara tano, asubuhi na jioni. Atembee kila siku, kidogo, kwa kipimo. Kipimo kiwe kile kile, siku njema na siku mbaya."

Mzee Fakihi alirudi nyumbani amekasirika. Hakujua amkasirikie nani. "Miaka miwili tumempumzisha," alisema. "Kumbe tulikuwa tunamfunga."

"Tulikuwa tunampenda, baba," alisema Hafsa.

"Na kamba tulizifunga vizuri."

Kipimo walikipata nyuma ya nyumba. Mikorosho kumi na miwili, imepangwa mstari mmoja mpaka kisimani. Siku ya kwanza Bi Kadija alikwenda mpaka mkorosho wa kwanza, akaugusa, akarudi. Goti lilimuuma. Witness alitembea pembeni yake.

"Mwambie mlinzi," alisema Witness. "Mwambie: nimekuona, ile ni suruali."

"Ile ni suruali," alisema Bi Kadija, jasho linamtoka. "Suruali yenye meno."

Wiki ya pili, mkorosho wa pili. Wiki ya tatu, wa tatu. Watu waliokuwa wakipita njia walitoa pole. "Pole mama, si ungepumzika?" Bi Kadija aliwajibu, "Nimeshapumzika miaka miwili. Chukueni zamu nyie."

Kazi ya mbuzi ilikuwa ngumu zaidi. Mbuzi ni fupi. Ukiikalia, magoti yanafika kidevuni. Kijana wa mazoezi alisema asichuchumae sana. Mzee Fakihi alifikiri siku mbili. Siku ya tatu aliitoa ukutani, akaipeleka chini ya banda, akaikatia miguu mirefu ya mti mgumu. Ili kupima urefu, aliikalia mwenyewe. Mwanamume mzima, ndevu nyeupe, amekalia mbuzi. Na Dadi akapita wakati huo huo, na kiraka chake.

"Shemeji!" Dadi aliita mpaka barabarani. "Umeanza kukuna nazi? Tui likiwa tayari niite!"

"Pita njia yako, nguruwe wewe!"

Asubuhi iliyofuata majirani walisikia sauti. Krr. Kimya kirefu. Krr, krr. Nusu nazi tu. Ilitosha mboga.

*

Mwezi wa saba ufuta ulikuwa umekauka. Bi Kadija alikuwa amefika mkorosho wa saba. Usingizi ulikuwa umerudi kiasi. Siku ile aliamka goti limenyamaza, akajiona msichana. Ufuta ulikuwa umekung'utwa juu ya turubai, unangoja kupepetwa. Na kupepeta ufuta hapo kijijini kulikuwa na fundi mmoja tu, naye ni yeye. Alichukua ungo. Hafsa alikuwa amekwenda kisimani. Aliporudi, mama alikuwa amesimama kwenye upepo, anapepeta, anaimba. Nani angemkatiza? Alipepeta mpaka jua likainama.

Kesho yake hakuweza kuweka mguu chini. Kesho kutwa vile vile. Siku nne kitandani. Mzee Fakihi alichukua mbuzi yenye miguu mirefu, akatafuta msumari ukutani.

"Iache," alisema Bi Kadija kutoka kitandani, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Au itundike. Mwambie Kibwana aje sasa hivi. Kwa nini angoje mbaazi?"

Witness alikuja. Kwanza aliligusa goti. Halikuwa limevimba, halikuwa jekundu, halikuwa la moto, na mama hakuwa na homa.

"Lingekuwa hivyo tungekwenda hospitali leo leo. Au kama ungeanguka ukashindwa kusimama. Hili si hilo. Umemshtua mlinzi tu. Siku moja umefanya kazi ya wiki mbili, akaona nguruwe."

"Kwa hiyo yote yamepotea."

"Baba, baada ya ile suruali, ulipiga debe tena bure?"

Mzee Fakihi alikuwa ameshika mbuzi, mkono juu. "Mara moja," alikiri. "Kwa tenga la kuku. Hilo watu hawalijui."

"Na baada ya hapo?"

"Nikatulia."

"Basi, mama. Hili ni tenga la kuku. Kesho anza mkorosho wa nne, si wa saba. Siku njema usizidishe. Siku mbaya usiache."

Mzee Fakihi akaishusha mbuzi. Akaiweka sakafuni, karibu na kitanda, mkono wa mkewe unapofika.

Kesho yake Bi Kadija alikwenda mkorosho wa nne. Hakuimba. Alikwenda.

*

Mbaazi zilivunwa. Kibwana alikuja kama alivyosema, na gari la rafiki yake. Kiti cha mbele alikitandika kanga mbili na mto. Alikuta baba yake barazani anachambua mbaazi.

"Shikamoo baba. Mama yuko ndani? Amefungasha?"

"Marahaba. Ndani hayupo."

"Yuko wapi? Mmempeleka hospitali?"

"Yuko mkorosho wa kumi na mbili."

Kibwana hakuelewa. Alizunguka nyuma ya nyumba. Kwa mbali, karibu na kisima, aliona mwanamke anakuja polepole na fimbo, anagusa kila mti anaopita. Alikimbia kumshika mkono. Mama akamkataza kwa fimbo.

"Usinishike, utaniharibia hesabu. Hujambo?"

"Shikamoo mama. Goti limepona?"

"Halijapona. Linauma."

"Sasa mbona unatembea?"

"Linauma, na mimi natembea. Kila mmoja anafanya kazi yake. Zamani lilikuwa linauma kijiji kizima. Siku hizi linauma gotini tu."

Walirudi pamoja. Ilichukua muda. Kibwana alikuwa anahema, kwa sababu dukani kwake hushinda amekaa. Jikoni Hafsa alikuwa anapakua kunde, nzima, hazijaungua. Aliyeziangalia ni mama.

"Mama," Kibwana alianza tena, "mimi bado nina wasiwasi. Hafsa aliniambia unasahau."

"Nasahau, ndiyo. Kidogo. Mwezi ujao narudi hospitali waniangalie tena." Bi Kadija akaikalia mbuzi yake ndefu, kama mwenyekiti wa mkutano. "Lakini tuulizane. Mfungo ulipoisha uliniahidi kitu kwenye simu. Ulisema ukija utaniletea. Kitu gani?"

Kibwana akafikiri. Akatazama dari. Akamtazama Hafsa, Hafsa akatazama kunde.

"Sufuria," alisema Bi Kadija. "Yenye mfuniko wa kioo. Na wewe ndiye muuza vyombo. Baba Kibwana, mwanao huyu tumpeleke hospitali."

Kibwana alicheka mpaka akakaa chini. Hakutaja chumba tena, wala feni. Alikula, akaswali adhuhuri na baba yake, akaaga.

Wakati wa kuondoka, Mzee Fakihi alitoka na gunia la mbaazi begani. Nyuma ya gari kulikuwa na nafasi, lakini hakulipeleka nyuma. Alilikalisha kiti cha mbele, juu ya kanga mbili, akaliwekea mto. Akalifunga mkanda.

"Pumzika," akaliambia, akafunga mlango.

Jikoni nazi ilikuwa imeshapasuliwa. Krr, krr, krr.